Aproni ya Jinzi ya Ma Ngwe Zin

Jumatatu, 7 Oktoba
Mke wangu bado hajarudi. Ma Ngwe Zin yuko kwao ng'ambo ya mto, hata salamu haji nayo mtu. Na yote haya kwa ajili ya samaki wa kopo! Kambale waliadimika, nikatia wa kopo kwenye mohinga, supu ya tambi ninayouza, nusu ya mtaa ikashinda chooni. Aliniambia atarudi siku kibanda changu kitakapokuwa na heshima.

Heshima nimeiona leo, kwa Ko Zaw Kyi, jirani yangu na adui yangu. Kavaa aproni ya jinzi, mifuko miwili, kama wapishi wa Yangon. Wateja wangu wanamhamia bila haya. Nilimuuliza kaipata wapi. Akasema vitu vya watu wenye kazi haviulizwi na watu wenye nzi. Mshenzi! Nitashona yangu.

Jumanne, 8 Oktoba
Jinzi sina, maisha yangu yote ni longyi tu, kikoi cha kwetu. Nimepekua nyumba nzima. Chini kabisa ya sanduku la mke wangu: jinzi, imefifia vizuri, mfuko wa nyuma una ua jekundu la kutarizi.

Nilisita, sikatai. Suruali ya mwanamke, kifuani mwa mwanamume? Mama angezimia. Mimi hata kamba iliyoanikwa longyi ya mwanamke sipiti chini yake, nazunguka. Lakini akili ninayo. Nguo ya chini ya mwanamke humtoa mwanamume nguvu ikipita juu ya kichwa chake tu. Nitaivaa kwa kuanzia miguuni, niipandishe. Nani atajua?

Jumatano, 9 Oktoba
Cherehani ya mke wangu hainipendi. Sindano zimevunjika, iliyobaki imeingia kidoleni. Kamba za shingoni nilizikata fupi, hazifungiki, ikabidi niziunge kuwa kitanzi kimoja kinachoweza kupita nyongani. Kuivaa ni kazi ya kujinyonganyonga hadi jasho linitoke. Ua limeangukia kifuani. Limependeza, jamani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Wateja! Hata mzee U Thet Pan, mwalimu mstaafu, karudi na bakuli lake. Akauliza jinzi ilikuwa ya nani. Nikamwambia ya marehemu mjomba wangu, baharia. Ko Zaw Kyi akapaza sauti kutoka kwake kwamba kumbe marehemu alipenda maua! Nikamjibu mabaharia wana mioyo. Watu wakacheka, ila supu walikunywa.

Nimempigia shemeji, dada wa mke wangu, amwambie aje aone heshima. Kajibu kuwa dada yake atakuja Jumamosi. Na begi lake. Begi! Nimefagia nyumba, nimefagia hadi njia.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nife tu.

Asubuhi kibanda kimejaa. Namuona mke wangu anashuka kivukoni, begi mkononi, kapaka poda ya thanaka mashavuni kama siku ya sherehe. Nikamkodolea macho, nikasahau chungu. Supu ikafurika, ikanirukia kifuani, moto wa jehanamu. Nikaivua aproni kwa kupitia kichwani. Mbele ya watu wote.

Mke wangu hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza tu miguu ya jinzi yake iko wapi. Jinzi yake! Kibanda kizima kilisikia. U Thet Pan akaweka kijiko chini, akasema mwanamume aliyejipitishia suruali ya mkewe kichwani hana nguvu iliyobaki, na supu yake haina baraka, na kesho ni sikukuu ya mwezi mpevu, yeye mkosi hautaki. Wakainuka wote. Ko Zaw Kyi akanipa pole ya mjomba baharia.

Ma Ngwe Zin akaniambia kule kiwandani Mae Sot, ng'ambo ya mpaka, alishonea watu jinzi mchana kutwa, na ile ndiyo pekee aliyojinunulia. Kwamba alikuja kukaa. Kwamba sasa haji tena. Begi hakulifungua, akapanda boti ileile iliyomleta. Nimelia hadi nikashikwa na kwikwi. Nyumba imefagiliwa na haina mtu.

Jumapili, 13 Oktoba
Mwezi mpevu. Mishumaa kwenye kila baraza isipokuwa yangu. Watu wanawapelekea wazee zawadi, wanapiga magoti kuomba radhi, na mzee siku ya leo hawezi kukunyima.

Ehee! Baba mkwe! Akishanisamehe yeye, binti yake atafanya nini? Nitavuka na boti ya jioni. Zawadi ya dukani haina uzito, inatakiwa kazi ya mikono. Na mguu mmoja wa ile jinzi umebaki mzima.

Nimemshonea kofia. Nimeijaribu kwanza mimi mwenyewe, isije ikambana. Imekaa barabara. Mzee ana kipara, na jua la ng'ambo ni kali. Safari hii Ma Ngwe Zin hana pa kulalamikia: ni jinzi yake mwenyewe, na ninairudisha kwao.