Kurasa Mia Tatu Mapokezini

Idara ya Vitabu vya Vijana ina furaha kuutangazia umma kwamba Kitabu cha Tatu cha *Mji wa Filimbi* hakijamvunja moyo mtu yeyote. Wale waliovunjika moyo wamevunjika kinyume cha utaratibu, na wanaombwa kujirekebisha kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri.

Tangazo hilo nililiandika mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara, na nikaligonga mihuri miwili. Halafu watu wanasema hatuwajali vijana.

Kwa asiyejua, *Mji wa Filimbi* ni hadithi ya mji ambao watu huamshwa kwa filimbi, hula kwa filimbi, na hucheka kwa filimbi mbili ndefu na moja fupi. Anayepuliza ni Mpuliza Mkuu, mzee mmoja katili. Sasa kuna msichana wa miaka kumi na sita anajitia hasikii, wanamwita Kiziwi, na kwa kuwa hasikii, anacheka anapotaka. Kitabu cha kwanza kilisomwa mpaka majalada yakang'oka. Cha pili kiliishia Kiziwi amefika mlangoni kwa Mpuliza Mkuu, mguu juu, tayari kuupiga mlango teke. Basi, mwisho. Vijana wakangoja miaka miwili mguu ule ushuke.

Mwandishi, mama mmoja mwembamba aliyewahi kufundisha hisabati, akaniletea mswada wa cha tatu. Mstari wa kwanza tu, pu! Mlango chini.

"Mama," nikamwambia, "mlango wa ofisi ni mali ya umma."

"Mheshimiwa, hii ni hadithi."

"Sawa, hadithi. Lakini huyu mtoto ana miadi?"

"Miadi ya nini? Amekuja kumpindua!"

"Hata wa kupindua anapita mapokezi. La sivyo tutakuwa tunafundisha nini?"

Akafunga mkoba wake, nami nikachukulia kwamba ameelewa.

Nikaunda kamati ya watu kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amevisoma viwili vya kwanza, ili pasiwe na upendeleo. Tulichapa kazi jamani, msituone hivi. Mguu wa Kiziwi tuliushusha polepole usilete kishindo, tukamketisha mapokezini ajaze fomu. Mvulana aliyempenda tulimhamishia kituo kingine cha kazi, mapenzi yakaendelea kwa barua za kiofisi, nakala kwa wazazi. Waziri akauliza kwa nini Mpuliza Mkuu ana kitambi. Tukakiondoa siku hiyo hiyo. Mwishoni Mpuliza Mkuu anastaafu kwa heshima zote, na Kiziwi, baada ya kungoja kurasa mia tatu na kumi na mbili, anaajiriwa kuwa Mpuliza Msaidizi, Daraja la Tatu.

Jambo moja nililisimamia kwa karibu, nalo ni usahihi. Fomu anazojaza Kiziwi ni fomu zetu halisi, na kanuni anazosomewa na karani zimenakiliwa neno kwa neno kutoka jalada letu la ndani. Nilitaka vijana wajifunze kitu. Kitabu chenyewe sikukisoma. Mkurugenzi hasomi, anaidhinisha.

Nakala ya kwanza nilimpelekea binti yangu, ana miaka kumi na mitano. Aliinyakua bila hata kunisalimu, akakaa nayo kwenye meza ya chakula tangu asubuhi. Alasiri akaniita.

"Baba, ameketi."

"Nani?"

"Kiziwi! Ameketi tu. Ukurasa wa kumi ameketi, wa mia ameketi. Wa mia mbili kainuka, nikasema haya sasa! Kumbe anaomba kalamu."

"Hapo mhusika anakomaa."

"Na hapa kwenye shukrani, hili jina lililotangulia yote ni la nani?"

Lilikuwa langu. La mwandishi lilikuwa chini, baada ya la dereva wangu. Binti yangu akafunga kitabu, na tangu hapo akawa ananisemesha kupitia kwa mama yake: "Mwambie Mkurugenzi chai tayari." Wiki tatu. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Nje nako manung'uniko yakazidi. Tukasambaza fomu ya maoni yenye majibu matatu: Nimeridhika, Nimeridhika Sana, na Nimeridhika Mpaka Nimekosa Maneno. Vijana wakaweka alama kwenye la tatu, kisha wakageuza karatasi na kuyapata maneno. Ndipo nikatoa lile tangazo.

Ijumaa, saa tisa kasorobo, bibi wa mapokezi akanipigia simu.

"Mzee, kuna watoto hapa."

"Waambie waje kesho."

"Nimewaambia. Wanasema ukurasa wa arobaini na nne, 'njoo kesho' lazima iandikwe na igongwe muhuri, la sivyo ni leo."

"Wako wangapi?"

"Viti vimeisha, Mzee. Na ngazi zimeisha."

Nikashuka mapokezini mwenyewe. Idara yetu imeishi miaka ishirini na sita kwa sababu hakuna mwananchi anayejua aanzie dirisha gani. Sasa watoto mia tatu walikuwa wanajua, na wamejaza fomu nakala tatu tatu, kwa wino mweusi.

Mbele yao alisimama binti yangu na sare yake ya shule, kitabu kwapani.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Hivi mama yako anajua uko hapa?"

"Tunaomba Haki ya Kusomewa. Ukurasa wa mia na tisa."

Sikuwahi kuisikia haki hiyo maishani mwangu. Akaisoma: kitabu kilichoidhinishwa hakiwezi kulaumiwa na yeyote ila aliyekiidhinisha. Msomaji anaweza kudai asomewe na mtu huyo, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, karani akiandika kila neno. Aliyekiidhinisha akikilaumu, mswada wa mwandishi utachapwa kama ulivyokuwa, na mwidhinishaji huyo ataacha ofisi siku hiyo hiyo.

Nikacheka. Kwani kusoma bila kulaumu ni kazi? Nimesoma hotuba za mawaziri tisa bila kupepesa jicho. Nikaagiza maji, karani akanoa penseli, na mwandishi naye akaja akajibanza kwenye ngazi.

Ukurasa wa kwanza, mguu ukashuka. Wa tano, Kiziwi akachukua namba ya foleni. Wa kumi na mbili, karani wa mapokezi akaenda kunywa chai. Wa ishirini akarudi, akakumbuka amesahau miwani, akaenda tena. Wa thelathini na moja ulikuwa fomu tupu, nikaisoma yote: jina, nukta nukta nukta. Watoto wananitazama kwa huruma kama wauguzi.

Ukurasa wa hamsini na mbili Kiziwi akautazama mlango. Moyo ukanipiga paa! Nikafunua haraka. Kumbe anatazama saa iliyo juu ya mlango.

"Ebo!" nikasema. Karani akaandika: Ebo.

Wa hamsini na nane, mlango ukafunguka wenyewe. Mpuliza Mkuu amelala kitini, filimbi imedondoka sakafuni, hakuna mlinzi. Ni hatua moja tu! Sikujua nimesimama saa ngapi. Nikafunua. Kiziwi akainua mkono, akaomba kuazimwa stepla.

"Ingia, mtoto wee!" nikapiga kelele. "Ingia ukaichukue hiyo filimbi! Mpumbavu gani aliyepitisha upuuzi huu?"

Penseli ya karani ikamaliza, ikatulia.

"Mzee," akauliza kwa heshima, "hilo la mwisho lijibiwe, au liingie tu kwenye muhtasari?"

"Liingie tu," akasema binti yangu. Akanishika mkono. "Pole, Baba."

Nikavua kitambulisho, nikamkabidhi karani funguo. Watoto wakanipisha. Kwenye ngazi nikamkuta mwandishi, nikamwinamia sikioni wasinisikie.

"Mama, samahani. Akishaingia, anaichukua?"

"Utasoma kikitoka, Mheshimiwa."

"Kinatoka lini?"

"Mitambo ina foleni. Pengine mwakani, mwishoni mwishoni."

"Mwakani?" Nilijikuta nimekaa kwenye ngazi katikati ya watoto. "Mwaka mzima, jamani? Mimi nitaishije?"