Maiti Mwenye Kazi ya Takwimu

Jumatatu, 9 Juni

Nimepewa nafasi ya maiti. Mimi! Miezi mitatu najipendekeza kwa mkurugenzi wa mchezo, dada wa mwaka wa tatu asiyecheka. Nimebeba viti, nimefagia jukwaa, nikijua mrithi, mhusika mkuu wa mchezo, ni mimi. Urithi kapewa Bwana Sauti. Jamaa huyo hata akiomba chumvi utadhani anahutubia uwanja. Mkurugenzi kasema mimi nina sura inayofaa kufunikwa.

Nikanuna kuanzia saa nne hadi saa sita. Halafu akili ikanijia. Maonyesho ni matatu, Jumatano hadi Ijumaa, na kila mara maiti analala chini ya shuka dakika arobaini. Ijumaa hiyohiyo natakiwa kuwasilisha kazi ya takwimu: hojaji mia moja kuhusu usingizi, zichambuliwe, zitetewe mbele ya mhadhiri. Sijagusa hata moja. Nikifeli narudia mwaka, na mama mdogo, aliyenilea kwa cherehani yake, kasema miguu yake haina nguvu za kukanyaga mwaka wa ziada.

Sasa nani mwingine hapa chuoni ana saa mbili za kulala kimya bila kusumbuliwa? Acha Bwana Sauti apige kelele. Mimi nitasoma.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Nimejifunika shuka pamoja na kitabu cha takwimu. Ukurasa wa kwanza, safi. Ukurasa wa pili nikakoroma. Mkurugenzi kasimamisha kila kitu, kaniuliza ni lini nilimwona maiti anakoroma. Nikamweleza kwamba marehemu alikuwa mkoromaji maisha yake yote, mazoea hayaishi kwa siku moja. Kasema nikirudia atanitafutia sababu halisi ya kufunikwa.

Kinachonilaza ni giza. Kesho nakwenda na tochi.

Jumatano, 11 Juni

Onyesho la kwanza, saa kumi alasiri. Ukumbi umejaa pomoni. Mjane wangu (tunasoma naye takwimu, na kwa kulia hana mpinzani) kanifunika, kajitupa kifuani pangu, kagonga pua kwenye kitabu. Kilio kikawa cha kweli. Nikawasha tochi.

Sikujua shuka lile ni jepesi kiasi hicho! Naambiwa niling'aa kama kandili. Bwana Sauti yuko katikati ya hotuba yake ya kurasa tatu, hakuna anayemtazama. Wote wanatazama tumbo langu. Nikifungua ukurasa, mwanga unahama, ukumbi mzima unasema "Aaah!" Bibi mmoja kaanza kuomba.

Mkurugenzi alikuwa anakuja kuniua mara ya pili, lakini mkuu wa idara akamwahi. Kampa mkono, kamsifu kwa ubunifu ule wa roho inayokataa kuondoka. Mkurugenzi kameza mate, kasema walilifikiria kwa muda mrefu. Bwana Sauti kaapa kwamba kabla wiki haijaisha atanifunua hadharani. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Juni

Betri za tochi zimetoweka. Sihitaji ushahidi.

Haidhuru, nina mpango bora. Kabla watu hawajaingia nimeweka hojaji kwenye kila kiti, na penseli juu yake. Swali kuu: Je, unapata usingizi wa kutosha, na hasa wakati gani? Watu mia moja wamekaa, hawana pa kwenda! Mtafiti gani mwingine kapata bahati hiyo huku kalala?

Chini ya shuka sikuwa na mwanga wa kusomea. Mjane naye ana hofu na mtihani wa takwimu, basi kila akiinama kulia ananinong'oneza swali, nami namnong'oneza jibu. Tulikwenda vizuri mpaka akauliza wastani unatafutwaje. Kabla sijajibu akainuka, akapiga ukunga ulioandikwa kwenye mchezo:

"Mume wangu, mali hii tutaigawaje?"

"Jumlisha vyote, kisha gawa kwa idadi ya watu!" nikajibu. Kwa sauti. Wazi kabisa.

Ukumbi ulisimama, makofi hayakatiki. Mchezo mzima unahusu ndugu wanaogombania urithi, sasa marehemu mwenyewe kamaliza ugomvi. Bwana Sauti alibaki na hotuba mbili na hakuna wa kubishana naye. Pazia lilishuka mapema.

Mama mdogo alikuwepo. Nilimwambia kwamba bila mimi mchezo hauwezekani, jambo ambalo si uongo. Kaja nyuma ya jukwaa, macho mekundu, kanishika shavu.

"Mwanangu, umekonda kupita hata maiti."

Kasema kaona watu wazima wakitoana macho kwa sababu ya nyumba, na hakuna aliyewahi kutamka neno la maana kama langu. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa! Utetezi saa nne asubuhi. Onyesho la mwisho nalo limehamishiwa saa nne asubuhi. Nikapanga mito miwili na beseni chini ya shuka, nikamsihi mjane asijitupe kwa nguvu, nikatoka mbio. Uso umepakwa unga, pamba puani. Muda wa kunawa sina.

Mhadhiri, mama mwenye miwani ya kusomea na nyingine ya kukushangaa, kaniuliza kama naumwa. Nikasema nimekufa. Kasema anaona.

Nikasoma matokeo, na hapohapo nikagundua kwamba watu walidhani naulizia mchezo. Kati ya mia moja, sabini na watatu wanapata usingizi wa kutosha, hasa yule kijana mwenye sauti akianza kusema. Mhadhiri kacheka mpaka miwani zote mbili zikadondoka. Kisha kavuta hojaji namba arobaini na saba, kauliza kama naujua mwandiko huo. Wake! Kaandika: "Wastani umeueleza sawasawa. Mengine tutaonana." Kanipa alama arobaini na moja. Kufaulu ni arobaini!

Nikarudi ukumbini mbio. Bwana Sauti ndiyo kwanza anavuta shuka, kanguruma watu wote watazame kilicholala pale. Mito na beseni. Mjane kapiga ukunga ambao haujaandikwa popote. Nami nikaingia kwa mlango wa nyuma, mweupe pe, nikipiga kelele kwamba nimefaulu.

Safu tatu za nyuma zilikimbia nje kupitia madirisha. Mkurugenzi kakaa chini palepale jukwaani, kacheka kwa mara ya kwanza mwaka huu, kisha kanifukuza kwenye kikundi.

Jioni Bwana Sauti kanijia. Kauliza polepole, sikujua kwamba anaweza, kama kweli ni sabini na watatu. Nikamwambia sabini na mmoja. Kashukuru.

Jumapili, 15 Juni

Wiki ijayo mtihani wa fasihi, Jumatano. Sijasoma. Lakini leo nimekutana na mwalimu wa kwaya, analalamika kwamba anakosa mtu wa sauti nzito kwa tamasha la Jumanne. Nikamwambia mimi ni sauti nzito tangu utotoni. Siwezi kuimba hata kidogo, ila safu ya nyuma nani ataisikia? Nitafumbua mdomo tu.

Kila mwimbaji anashika faili jeusi. Nyimbo ni kumi na mbili. Noti zangu za fasihi ni kurasa kumi na mbili!

Safari hii siwezi kukosea. Jalada la faili ni gumu. Halipitishi mwanga.