Ukurasa Alioula Anande

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Anande amekula kifo cha mfalme. Sasa hivi tu. Niligeuka kuepua uji, kurudi namkuta mwanangu anatafuna ukurasa wa mwisho, ametulia kama yuko kanisani. Nimemchokonoa mdomo, nimepata kipande chenye neno "binti". Mengine yameshuka.

Kitabu ni cha Mama Rohit wa duka la vitambaa. Mchezo wa kuigiza wa kale wa Kiingereza, umetiwa Kiswahili. Jumatano tunasoma nyuma ya duka lake, kina mama tulioacha shule, na zamu ya kueleza mwisho ni yangu. Nikikosa, jirani yangu Blessing ataichukua. Anaitamani siku nyingi.

Nyuma ya kitabu yamebaki maelezo ya wataalamu. Basi mpango ninao.

Fanuel wangu, baba yake Anande, anapika kwenye kambi za watalii, Serengeti. Aliahidi Nane Nane atakuja atupeleke Njiro kwenye maonyesho ya wakulima. Nimemwandikia, unakuja? Kajibu: "Tutaona."

Jumatano, 6 Agosti

Nimeng'ara. Mwanzoni. Mchezo sikuugusa, nikawamwagia wataalamu. Kwamba zamani ulichapwa mara mbili, na mwisho haulingani. Kwenye chapa moja mfalme amempakata binti yake aliyekufa, anakufa kwa uchungu. Kwenye nyingine, kabla hajakata roho, anasema mtazameni binti midomo. Mtaalamu mmoja anasema alikufa na furaha, alidhani mtoto anapumua. Wa pili anasema alijidanganya, na huo ndio msiba wenyewe. Wahariri waliziunganisha chapa zote, wengine wakaja kuzitenganisha. Wanagombana mpaka leo.

Blessing akauliza, sasa Mama Anande, hebu tusomee huo ukurasa. Nikafungua. Alama za meno zikaonekana na wote.

Mama Rohit alicheka mpaka akavua miwani. Akasema huyu mtoto kawazidi wahariri wote, kafuta kifo. Halafu akanishika mkono: binti yangu, usichague maana kwa sababu inakufariji. Nikasema ndiyo mama, nimeelewa.

Nyumbani nimeisoma tena "Tutaona". Nayo ina chapa mbili. Kwenye moja haji. Kwenye nyingine anataka kunishtukiza. Ya pili ndiyo sahihi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Machalari sufuria kubwa, ndizi laini, nyama ya mfupa. Anande nimemvisha viatu. Tumekaa mlangoni tangu asubuhi. Sombetini yetu nzima imeenda Njiro, hata mafundi vyuma wamefunga. Nasikia kuku wa watu tu. Anande amelala na viatu vyake.

Blessing kachungulia juu ya uzio. Shoga, huyo haji, Pasaka si alikwambia hivyohivyo? Nikamwambia wewe unasoma ile chapa ya uchungu. Akasema chapa gani, mimi namsoma Fanuel.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa Fanuel: "Kuleni tu."

Mtaalamu yule wa pili atasema haji. Mimi nasema, mtu hawezi kukwambia ule kama hajui chakula kimeiva, na atajuaje kama hajasikia harufu? Yuko karibu. Pengine yuko Ngarenaro hapo, anatafuta bodaboda. Sahani yake nimeifunika.

Blessing ananiita tena. Anasema leta sufuria huku tule wote, hata mimi niko peke yangu, nina parachichi, na mtoto mbebe hivyohivyo. Naenda. Ila taa ya nje naiacha inawaka, maana yule mtaalamu wa kwanza aliona wazi kabisa kwamba ile midomo ilikuwa inapumua.