Mlango Wangu Ni Mhamiaji, Si Shahidi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Tathmini ya Mafuriko

Ndugu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote nikiwa nimeketi mbele ya nyumba yangu, ambayo vijana wako wameipiga alama ya X nyekundu. Nyumba kumi na sita za majirani zimepigwa vilevile, na sote tumetakiwa tuwe tumehama ifikapo mwisho wa mwezi. Chanzo ni mlango wangu, nami naomba kuutetea.

1. Mtaalamu wako aliona mstari wa tope mlangoni, akauwekea tepu: mita moja na robo. Akaandika kwamba maji ya korongo yaliwahi kufika hapo. Kweli yalifika, ila si hapa. Mlango huu ni wa nyumba yetu ya zamani bondeni, mwendo wa siku mbili. Maji yalipoichukua nyumba ile miaka arobaini na moja iliyopita, niliambulia mlango tu. Niliubeba mgongoni. Wenzangu hutafuta mlango wa nyumba. Mimi nilitafuta nyumba ya mlango.

2. Kama kifaa kikihama huhama na maafa yake, basi haki itendeke. Kigoda changu kiliungua upande mmoja jikoni kwa shemeji: tuandikeni pia eneo la moto. Mke wangu alizaliwa milimani: tuandikeni maporomoko ya ardhi. Nilipomsomea hoja hii alisema, "Mimi niache, mzee. Maporomoko niliyaona nilipoolewa."

3. Korongo lenyewe tunaanikia nguo. Mvua ya msimu huja, hupiga chafya mbili, ikaaga.

4. Heshima yangu mtaani imekwisha. Fundi cherehani anawafupishia wateja suruali bila kuulizwa, eti za kuvukia. Kinyozi amepandisha kiti juu ya meza, ananyoa akiwa kwenye ngazi. Na jirani yangu, mama wa mapacha, hunipitia kila asubuhi: "Shikamoo, Nahodha! Leo tunang'oa nanga?" Naitikia marahaba, maana adabu ni adabu, lakini inauma. Amejenga kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, na sasa anahamishwa na ubao wangu.

Kwa hiyo naomba daftari lako lirekebishwe: mlango uandikwe mhamiaji kama mimi, si shahidi. Nimekwisha kuhama mara moja. Ya pili magoti yamekataa, na mlango nao umezidi uzito, au mimi nimepungua.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule kijana wa tepu, aliyekunywa maji yetu glasi tatu na kushukuru kwa kila moja.

Wako katika ukavu,
Mzee wa Mlango

N.B. Barua hii imekaa siku nne bila kutumwa, kwa kuwa mlango ulivimba ukagoma kufunguka. Chini ya mstari wa zamani sasa upo wa pili, usawa wa magoti, tope bado bichi. Huo si wa bondeni. Tafadhali leteni gari mapema, lenye nafasi ya kulaza mlango. Leo tumeung'oa kwenye bawaba zake: mama wa mapacha ameshika upande mmoja, mimi wa pili. Hakuniita Nahodha.