Gari la Mwoka Keki

Asali alikuwa dalali wa magari, na jina hilo alipewa na watu aliokwisha kuwaliza. Jumamosi moja asubuhi dalali mwenzake, Kidevu, alimnong'oneza bila kudai hata cha juu: "Nyuma ya posta kuna mama mwoka keki anauza gari. Ana ualbino, macho hayamruhusu kuendesha. Mimi nimebanwa, chukua wewe."

Mtu mwenye akili angejiuliza tangu lini Kidevu akagawa riziki. Asali alijiuliza avae shati gani.

Alilikuta gari uani, safi, lina tangazo la kuuzwa kiooni. Mpango wake ulikuwa wa kale na wa heshima: aliendeshe kidogo, atikise kichwa kwa huzuni, aseme injini imekufa, kisha alinunue kwa bei ya chuma chakavu. Mteja wa bei halisi alikwisha kumpata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama alivaa kofia pana na miwani myeusi. "Gari aliniachia marehemu mume wangu. Wapo wenye ualbino wanaoendesha, macho yao yana nafuu. Yangu yanachezacheza, hayatulii. Kibao cha barabarani nakisoma nikishafika chini yake, na jua likipiga kioo naona weupe mtupu. Nikishika usukani nitaua mtoto wa mtu."

"Mungu apishie mbali. Ngoja nilijaribu."

"Tutalijaribu sote. Ila mafuta hayamo."

Asali akaenda kujaza tangi, akijiambia kwamba hata chambo hununuliwa. Aliporudi, mama akapakia kiti cha nyuma keki ya harusi ya ghorofa tatu, naye akakaa ubavuni mwa keki.

"Hiyo ya nini, mama?"

"Kipimo. Barabara siioni vizuri, lakini keki ikiyumba nitajua gari ni bovu. Ikianguka, utailipa."

Asali hakuwahi kuendesha kwa adabu namna ile. Matuta aliyapanda kwa kuyabembeleza.

"Hii gia inateleza, mama."

"Mbona maua ya keki yametulia?"

Waliishusha ukumbini. Ikafuata keki ya mahafali, ya kupima kona, kisha ya kipaimara, ya kupima kilima. Ya mwisho Asali aliibeba mwenyewe hadi ghorofa ya nne.

"Na hii inapima nini?" aliuliza akihema.

"Mnunuzi," alijibu mama.

Jioni, uani, Asali alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nakuonea huruma, mama. Hiki ni chuma chakavu."

"Basi siliuzi. Sitaki kumbebesha mtu ubovu." Mama alilibandua tangazo, akalikunja taratibu, akalitia butini.

"Kwani ulikuwa unaliuza kweli?"

"Dereva wa kuajiri angekula faida yote ya keki, na kazi hii ndiyo inayonilisha. Madalali mnakuja wenyewe. Anayenitajia bei ya haki namlipa siku yake na mafuta yake, na keki nampa. Mpaka leo sijamlipa mtu. Yule mwenzako mwenye kidevu naye alisema chakavu."

Kijiweni Kidevu alimpokea kwa tabasamu pana. "Vipi, umelipata?"

Asali alijifuta sukari kidoleni, akamgeukia dalali mgeni aliyekaa pembeni, na sauti yake ikawa tamu kuliko siku zote.

"Ndugu yangu, Jumamosi ijayo una nafasi? Kuna mama mmoja anauza gari."