Nani Akae Mkeka wa Mbele

Gisenyi, mwezi wa Shaabani

Kwa Sheikh Twahir, imamu wetu, mwanangu niliyekufundisha kusoma,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka kitandani. Asubuhi hii daktari amenitazama kwa upole ulionitia wasiwasi, kwa hiyo niseme mapema: kuna jambo nimelificha miaka kumi na tisa. Nitalitaja nikimaliza, mkono ukinikubalia. Kwanza wajibu.

Umeniuliza kama Bimenyimana, fundi cherehani, jirani yangu na Mkatoliki wa kubatizwa, aendelee kukaa mkeka wa mbele wakati wa futari. Mkeka wa nyuma ni wa wageni, wa mbele ni wa waliofunga. Yeye husema amefunga. Kusema ni bure. Napinga, kwa sababu hizi:

1. Jina lisilomgharimu mtu si lake. Kijana wa mtaani, Jado, alinunua jezi, sasa anajiita mchezaji. Xavérine wa sokoni anajiita mgonjwa wa moyo, na mwaka jana nilimwona akipanda kilima cha Rugerero na gunia la viazi kichwani, akiimba.

2. Kila adhuhuri ya Ramadhani, nyuma ya pazia la duka la Bimenyimana hunukia maharage yenye vitunguu vingi. Mtaa mzima unajua. Mimi mwenyewe ni shahidi wa karibu sana.

3. Adhana ya magharibi haijafika mwisho, yeye ameshameza tende tatu na kupiga kelele, "Mzee Kadiri, leo mi niko karibu kufa!" Mtu mwenye sufuria ya maharage dukani anakufaje?

4. Napendekeza mizani mlangoni mwa msikiti. Kila anayedai kufunga apimwe siku ya kwanza, apimwe tena siku ya kumi na tano. Asiyepungua kilo mbili ahamie nyuma. Mukamana muuza samaki atatuazima mizani yake, ingawa wateja wanasema huwa inaongeza.

5. Mizani isipotosha, kamati ya msikiti ikague ndimi, maana ulimi wa aliyefunga hukauka. Wala tusiishie kwenye futari. Wajane waoneshe machozi. Wanaojiita rafiki zangu walete ushahidi wa walichojinyima kwa ajili yangu. Nimejaribu kuwahesabu hapa kitandani, nikafika mmoja, nikaona hoja hii tuiache.

Nisalimie mkeo Rayhana, watoto, na wazee wote wa mkeka wa mbele. Niliyemkosea anisamehe sasa, maana sidhani nitauona mwezi ukiandama.

Ni mimi mzee wako,
Kadiri, "asiyekosa funga hata moja", kama mnavyonitambulisha kwa wageni.

Tanbihi: Miaka kumi na tisa iliyopita daktari aliniambia sukari yangu hainiruhusu kufunga. Dini ilikwisha kunipa ruhusa. Ningelisha maskini, mambo yakaisha. Ni mimi niliyeona haya kushuka kutoka kwenye sifa yangu. Nilimwambia Bimenyimana peke yake. Alinivutia kiti nyuma ya pazia, akasema, "Bon, mzee, we kula. Mi nitafunga, hesabu isipungue." Nikacheka. Yeye hakucheka, na hakula, siku ile wala Ramadhani yoyote iliyofuata. Mizani ikija, mpimeni yeye kwanza, kisha mpeni nafasi yangu. Sufuria ilikuwa yake. Maharage nilikuwa nakula mimi.