Giza kwenye Taa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe, Mama Jedidah, amelalamika kwamba betri yake ya sola inalala mapema. Taa inazimika kabla ya taarifa ya habari. Akaongeza, kwa ule upole wake wa kanisani, kwamba isipopona ataipeleka kwa Kithinji, fundi wa betri ng'ambo ya barabara. Kithinji! Mimi nina duka la betri hapa Kangeta, halafu betri ya mama mkwe itibiwe kwa jirani? Nani ataniletea yake tena?

Jumanne, 4 Machi
Nimewaza tangu asubuhi. Betri inalala. Sasa, watu wa Kangeta hufukuza usingizi kwa kutafuna kitu gani? Kumbe jibu limejaa sokoni! Asidi peke yake haina motisha. Nimechemsha miraa. Si makombo, nimenunua giza, ile aina ya miraa iliyo bora kabisa. Mke wangu Ntinyari akauliza kama kweli nataka kutia giza kwenye taa ya mama yake. Asiyegundua kitu hakosi maneno.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwaga nusu ya asidi, nikajaza dawa yangu. Suruali ya kanisani imepata matundu. Betri ikatoa povu. Dalili nzuri. Nimeifunga mwenyewe kwa mama mkwe, taa ikawaka. Nikapewa chai na mukimo. Kithinji alipopita nilimpungia mkono kama mheshimiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Taa ilizimika jana katikati ya maombi. Mama mkwe hakunipigia simu, na hilo ndilo baya. Leo betri imepita hapa mlangoni juu ya bodaboda, ikaenda kwa Kithinji. Nimeshinda nyuma ya duka nikitafuta spana iliyokuwa mfukoni. Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, 7 Machi
Kithinji ameifungua mbele ya wateja. Akanusa, akauliza nani ana karanga za kutafunia miraa hiyo. Wamecheka hadi wateja wangu wakavuka kwenda kutazama. Mama mkwe hakucheka. Alikuja dukani, akasimama mlangoni, akasema polepole, "Mwanangu, betri haikuwa imelala. Sasa imekufa."

Jumamosi, 8 Machi
Nimelitafakari neno la mama mkwe usiku kucha. Mama ana hekima. Dawa haikuwa na kosa, nilikosea ugonjwa! Nilitibu usingizi, kumbe mgonjwa alikuwa anakata roho. Sasa, mwarubaini hutibu magonjwa arobaini, na betri ina moja tu. Sufuria iko jikoni. Ntinyari ameficha betri ya redio yake. Najua ilipo.